Umezimwa au Umejizima? Tahakiki ya Istilahi za Breki za Kisasa

Makala haya yanahusu kijitabu cha mafundi wa magari kilichofasiriwa kutoka Kiingereza, ambacho hupitishwa mkono kwa mkono katika gereji za Wilaya ya Kyela, na ambacho mimi nilikikuta Ngonga. Kijitabu hakina jina la mfasiri wala la mchapishaji. Kimepigwa chapa kwa kompyuta, kikadurufiwa na kubanwa kwa pini, na nakala niliyoisoma ilikuwa imelowa mafuta ya breki hata baadhi ya kurasa za katikati zilikuwa hazisomeki. Hali hiyo naihesabu kuwa sifa. Ni machache miongoni mwa maandishi yetu ya istilahi yanayochakaa kwa kutumiwa. Mengi huchakaa kwa vumbi. Mfasiri asiyejulikana alifanya kazi ambayo wengi wetu tuliikwepa, na kwa hiyo anastahili kuhakikiwa kwa uzito ule ule tunaowapa wafasiri wa mikataba na wa hotuba. Lakini kwa kuwa kijitabu chake kinasomwa na watu wanaorekebisha breki, kosa la istilahi ndani yake halikomei kwenye karatasi.

Kijitabu chahusu hitilafu za ule mfumo ambao, gari linapoanza kuteleza katika kona, hulirudisha katika mwelekeo aliouchagua dereva. Inafaa tuueleze kwanza, maana nusu ya ubishi wa istilahi hutokana na watu kubishania majina ya vitu wasivyovifahamu.

Mfumo huu ni mtoto wa breki za ABS. Hizo ziliwekwa katika magari ya Mercedes-Benz mwaka 1978 kwa ushirikiano na kampuni ya Bosch, na kazi yake ni kulizuia gurudumu lisigande wakati dereva anapokanyaga breki kwa nguvu. Mwaka 1995 kampuni hizo hizo zikatoa mfumo mpana zaidi. Kila gurudumu lina kifaa kinachosoma mwendo wake. Usukani una kifaa kinachosoma umegeuzwa kiasi gani. Na katikati ya gari pana kifaa kinachosoma jinsi gari zima linavyogeuka na linavyosukumwa ubavuni. Kompyuta hulinganisha mahali dereva anapotaka kwenda na mahali gari linapoelekea. Pakitokea tofauti, hupunguza nguvu ya injini na kukanyaga breki ya gurudumu moja tu, jambo ambalo mguu wa binadamu hauwezi kulifanya. Gari likikataa kona na kuteleza moja kwa moja kwa mbele, hubanwa gurudumu la nyuma la upande wa ndani wa kona. Likitupa nyuma, hubanwa la mbele la upande wa nje. Mwaka 1997 gari dogo la Mercedes-Benz lilipinduka nchini Uswidi katika jaribio la kumkwepa mnyama wa kubuni barabarani, na tangu hapo mfumo huu haukuonekana tena kuwa anasa. Marekani iliulazimisha kwa magari madogo yote yaliyoundwa kuanzia Septemba 2011, na nchi za Umoja wa Ulaya kwa magari mapya yote kuanzia Novemba 2014.

Magari yaliyotumika yanayoingia nchini kutoka Japani nayo yanakuja na mfumo huu, tena kwa majina mengi. Toyota huuita VSC, Nissan VDC, Honda VSA, Mazda DSC, na Wajerumani wengi ESP. Fundi wa Ngonga anayepokea magari ya aina nne kwa siku moja anakutana na vifupisho vinne vya kitu kimoja, pengine pamoja na maelezo ya Kijapani kwenye kioo cha dashibodi. Hapo ndipo Kiswahili kingeweza kumpa jina moja. Mfasiri wetu aliliona hitaji hilo, akaandika: *mfumo wa kielektroniki wa kudhibiti uthabiti*.

Jina hili lina ubovu mkubwa, na ubovu wenyewe unatufundisha jambo. Tulitazame neno *kudhibiti*. Katika Kiswahili tunadhibiti magendo, tunadhibiti moto, tunadhibiti kipindupindu, tunadhibiti mfumuko wa bei. Kinachodhibitiwa kwa kawaida ni kitu kinachotaka kutoroka au kuzidi, na mwenye kukidhibiti hukibana. Kudhibiti uthabiti, basi, kwa sikio la mzungumzaji asiyejua Kiingereza, ni kuubana uthabiti usizidi. Najua atatokea msomaji wa kunikumbusha *udhibiti wa ubora*, lililokwisha kuzoeleka viwandani. Ni kweli, lakini nalo lilikuja kwa njia hiyo hiyo ya kunakili, na walimu wanaosoma jarida hili watakumbuka kwamba kwa upande wa shule lililokubaliwa ni *uthibiti ubora*, kana kwamba kuna aliyehisi kuwa kitenzi cha kwanza hakikukaa sawa.

Neno *uthabiti* nalo ni zuri, ila si la hapa. Imani huwa thabiti, msimamo huwa thabiti, nyumba iliyojengwa juu ya mwamba ni thabiti. Gari thabiti kwa fundi ni gari lenye chesisi imara, lisilogonga bushi, lisilotikisika. Nilipomuuliza fundi mmoja kijana anaelewa nini kwa jina hilo, alijibu bila kusita kwamba ni mfumo wa shokomzoba. Jibu lake lilikuwa sahihi kabisa kwa mujibu wa lugha. Kosa lilikuwa la jina.

Mzizi wa kosa ni kwamba mfasiri alifasiri maneno ya jina la Kiingereza badala ya kukitazama kifaa na kujiuliza kinafanya nini. Anayesafiri kutoka Tukuyu kwenda Kyela huteremka kutoka mwinuko unaozidi mita 1,400 hadi uwanda wa ziwa ulio chini ya mita 500, kwa kona baada ya kona, katika nchi ambayo sehemu zake nyingi hupata mvua inayozidi milimita 2,000 kwa mwaka. Dereva wa njia hiyo haogopi kukosa uthabiti. Anaogopa *kuserereka*. Kiswahili kina vitenzi vingi vya balaa hili, na kila kimoja kina mahali pake: gurudumu *huteleza*, gari *huyumba*, *huserereka*, *huacha njia*, *hupinduka*. Vitatu vya mwisho, kwa mpangilio huo huo, ndivyo vinavyoandikwa kila siku katika taarifa za ajali. Mfumo tunaouzungumzia huingia kati ya cha kwanza na cha tatu. Kwa hiyo napendekeza *kizuiamserereko*, na kwa kirefu, pale sentensi inapohitaji pumzi, *mfumo wa kuzuia gari kuserereka*.

Kuna waliopendekeza kwangu *kilindanjia*, kwa hoja kwamba ajali huanza gari linapoacha njia. Hoja ina nguvu, lakini magari mapya zaidi yana mfumo mwingine kabisa wenye kamera inayotazama mistari ya barabara na kumwonya dereva anapoivuka. Huo ndio utakaolihitaji jina la kilindanjia. Mtunga istilahi asitoe jina kwa mgeni wa leo bila kumfikiria wa kesho aliyekwisha kubisha hodi. Lingine lililotajwa ni *breki elekezi*, ambalo lingenivutia sana kama mfumo ungetumia breki peke yake. Lakini, kama tulivyoona, hupunguza pia nguvu ya injini.

Faida nyingine ya *kizuiamserereko* ni kwamba lina ndugu. ABS huzuia gurudumu kuganda. Mfumo wa pili, ambao Toyota huuandika TRC, huzuia gurudumu kuzunguka bure wakati wa kuondoka kwenye tope. Huu wa tatu huzuia gari zima kuserereka. *Kizuiamgando*, *kizuiamzunguko*, *kizuiamserereko*: mwanafunzi wa chuo cha ufundi akilijua moja atayakisia mengine. Neno *kizuiamzunguko* silipendi, kwani gurudumu lisipozunguka kabisa gari haliendi, lakini nalitaja ili atakayepata bora zaidi alete.

Sasa tufike kwenye kasoro niliyoikusudia katika kichwa cha makala. Dashibodi ya gari lenye mfumo huu humpa dereva habari tatu tofauti. Taa yenye picha ya gari na mistari miwili ya nyoka ikipepesa, maana yake ni kwamba wakati huo huo gari limeanza kuteleza na mfumo uko kazini. Ikiwaka bila kupepesa, maana yake ni kwamba mfumo umeona jambo usiloliamini, ukaacha kufanya kazi, na breki za kawaida ndizo zilizobaki. Na pana taa au maandishi ya kuonyesha kwamba dereva mwenyewe amebonyeza swichi na kuuzima, kama inavyofaa kufanya gari linapokwama kwenye matope. Kijitabu kimezifasiri hali hizi mbili za mwisho kwa maneno yale yale: *mfumo hautumiki*. Na ile ya kwanza kimeiandikia *mfumo umewashwa*, jambo linalomfanya msomaji adhani kwamba wakati taa haipepesi mfumo umelala.

Inasikitisha, kwa sababu hapa Kiswahili kilikuwa na vyombo vikali kuliko lugha aliyokuwa akiifasiri. Kauli za kitenzi chetu zinatenganisha kile ambacho lugha nyingine hukieleza kwa sentensi nzima. *Umezimwa* ni kauli ya kutendwa: yupo aliyezima, na katika gari aliyezima ni dereva. *Umezimika* ni kauli ya kutendeka: hakuna anayetajwa, jambo limetokea tu, kama moto wa kuni mbichi. *Umejizima* ni mtendwa na mtenda kuwa mmoja, na hiyo ndiyo hali halisi ya mfumo huu unapopata hitilafu, kwani kompyuta yenyewe ndiyo inayoamua kujiondoa ili isije ikabana gurudumu lisilostahili. Herufi mbili, *-ji-*, zinatosha. Mwalimu anayewafundisha wanafunzi kauli za vitenzi kwa mifano ya Juma kupigwa na Juma kujipiga angeweza kuwapeleka gereji.

Watumishi wa serikali wasidhani kwamba jambo hili ni la mafundi peke yao. Marekebisho ya sheria ya mwaka 2021 yamekifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya utoaji haki mahakamani. Mkaguzi wa magari anayeandika taarifa baada ya ajali, na hakimu anayeisoma, wanahitaji kujua kama mfumo ulizimwa au ulijizima. La kwanza lamgusa dereva: kwa nini alibonyeza swichi kabla ya kuteremka mlima wenye mvua? La pili huenda likamgusa mwenye gari aliyeiona taa kwa miezi mitatu na asilipeleke gari kwa fundi, au fundi aliyeitoa taa yenyewe ili gari liuzike. Taarifa yenye maneno *mfumo ulikuwa hautumiki* inawaweka wote watatu katika kapu moja, na wakili yeyote mwenye akili atalitikisa kapu hilo.

Lipo tatizo la ziada ambalo nakiri ni la watengenezaji zaidi kuliko la mfasiri. Katika baadhi ya magari, hitilafu ikitokea, taa ya kuzimwa na taa ya hitilafu huwaka pamoja. Na katika Toyota nyingi, hitilafu ya injini isiyohusiana kabisa na breki huufanya mfumo ujizime, taa yake ikawaka sambamba na ile ya injini. Kwa hiyo hata tafsiri ya *hitilafu ya mfumo*, inayotumiwa mara nyingi katika kijitabu, humtuma fundi kwenye magurudumu wakati ugonjwa uko kwingine. Kumwambia kwamba mfumo umejizima ni kumwambia ukweli na kumwacha atafute sababu. Neno *hitilafu* lihifadhiwe kwa kile kinachotafutwa. *Ubovu* kwa kipuri kilichoharibika. Na *kasoro* kwa kosa la tangu kiwandani. Maneno haya matatu yamechanganywa katika kijitabu pasipo utaratibu wowote, na pengine katika ukurasa mmoja.

Kuhusu kazi ya kutafuta hiyo hitilafu, mfasiri ametumia *kuagua*. Najua asili ya uteuzi huo. Kitenzi hiki ni cha kale na heshima yake ni kubwa katika mashairi na katika tiba ya asili. Lakini anayeagua hupokea jibu kutoka kwa ramli, naye mteja hana la kuuliza. Na kwa bahati mbaya hivi ndivyo mashine ya kusomea kompyuta ya gari inavyotumiwa katika gereji nyingi. Fundi huichomeka kwenye soketi yenye matundu 16 chini ya usukani, mashine hutoa alama kama C0035, kitabu husema hiyo ni ya kifaa cha kusomea mwendo wa gurudumu la mbele kushoto, kifaa hununuliwa, hufungwa, na kesho yake taa imewaka tena. Alama ile haikusema kwamba kifaa kimekufa. Ilisema kwamba habari ya gurudumu lile haifiki ipasavyo. Kifaa chaweza kuwa kizima, ila waya umekatika pale unapokunjwa kila usukani unapogeuzwa. Au plagi imeingia maji. Au pete ya meno imejaa kutu na matope. Au beringi imechakaa hata pengo likazidi.

Mafundi wenyewe wana vitenzi vizuri kuliko cha mfasiri. Husema *kusoma* alama, *kupima* waya kwa mita, kisha *kubaini* ugonjwa. Ni hatua tatu, na vitenzi vitatu vinazitenganisha. Kama kijitabu kingevifuata, msomaji asingeweza kuruka kutoka cha kwanza hadi dukani. Kwa jina la kazi yote, *ubainishaji wa hitilafu* latosha.

Hiyo alama yenyewe mafundi wengi huiita *kodi*, na kijitabu kimewafuata. Hapa nasimama upande wa pili. Fundi anayemwambia mteja wake kwamba amemfutia kodi anasema jambo ambalo Mamlaka ya Mapato ingependa kulisikia zaidi. Mzaha kando, *kodi* ya ushuru na ya pango imekwisha kujaa maana, na *msimbo* lipo, ni fupi, nalo laeleweka. *Postikodi* imepita kwa sababu imeshikamana na posta. Ikisimama peke yake isingepita.

Kinyume chake, sioni sababu ya vita vilivyopiganwa dhidi ya *sensa*. Husemwa kwamba litachanganywa na kuhesabu watu. Nani, akiwa amelala chini ya gari, ameshawahi kudhani kwamba sensa ya gurudumu ni ile ya watu na makazi ya mwaka 2022? Katika maandishi nitatumia *kihisi*, kwa kuwa kinazaa: kihisi mwendo, kihisi usukani, kihisi shinikizo. Katika mazungumzo ya gereji sensa iendelee na maisha yake.

Sura ya vihisi ndiyo iliyonifanya niandike makala haya, na kwayo nitatulia kidogo. Vihisi mwendo ni vya aina mbili. Vya zamani ni koili iliyozungushiwa sumaku. Meno ya pete yanapopita mbele yake, koili huzalisha umeme wake yenyewe, nao hubadilika kadiri gurudumu linavyozunguka. Gari likienda polepole mno umeme huwa mdogo hata usisomeke. Vya kisasa hupewa umeme na kompyuta, navyo husoma hata mwendo wa kukaribia kusimama. Kiingereza huviita vya kwanza kwa neno lenye maana ya kutotenda, na vya pili kwa neno lenye maana ya kutenda. Mfasiri akaandika *kihisi kivivu* na *kihisi chenye bidii*. Nilicheka, kisha nikaacha kucheka, kwa maana yule mvivu ndiye anayejizalishia umeme na yule mwenye bidii ndiye anayelishwa! Na matokeo yake si ya kuchekesha. Kihisi cha koili hupimwa kwa mita ya ukinzani, nyaya zikiwa zimechomolewa. Kihisi cha pili hakipimwi hivyo. Mita yaweza kukiharibu, na hata isipokiharibu haitatoa jibu lenye maana. Fundi anayesoma kwamba kihisi ni chenye bidii hana namna ya kujua kipi ni kipi. *Kihisi cha koili* na *kihisi cha kulishwa* vingemwambia mara moja, na vingemwambia pia namna ya kukipima.

Katika magari mengi ya vihisi vya kulishwa, pete ya meno haipo tena. Mahali pake pamechukuliwa na pete yenye sumaku iliyofichwa katika kifuniko cha upande mmoja wa beringi. Beringi ikifungwa kinyume, gurudumu huzunguka vizuri kabisa, hakuna kelele, na kihisi hakisomi chochote. Asili ya kijitabu bila shaka ilitoa onyo kwamba upande wenye sumaku uelekee kihisi. Tafsiri yasema: *upande unaovutia uelekee kihisi*. Mafundi wawili niliowauliza walielewa kwamba upande unaong'aa, wenye sura nzuri, ndio ukae ndani. Upande unaong'aa mara nyingi ndio usio na sumaku. Laiti neno *sumaku* lingekuwa geni! Lakini limo katika vitabu vya sayansi vya shule ya msingi.

Makosa mengine nayapita haraka. Njia ambayo kompyuta za gari huzungumzia, ambayo ni waya mbili zilizosokotwa, imekuwa *basi la mawasiliano*, kwa sababu jina lake la Kiingereza linafanana na lile la gari la abiria. *Njia ya mawasiliano* ingetosha. Waya unaorudisha umeme kwenye bodi, ambao kila fundi huujua kwa jina la *erthi*, umekuwa ardhi. Mzee mwenye gereji alinionyesha sentensi hiyo kwa kidole chenye grisi: "Mwalimu, humu wananiambia nikague kama ardhi ni mbaya. Ardhi ya nani? Hapa ni mpunga na kokoa vinastawi." Sikuwa na la kujibu.

Yapo pia yaliyofanywa vizuri. Mfasiri ameacha *beringi*, *haba*, *fyuzi*, *pedi* na *tairodi* kama yalivyo, wala hakujaribu kuyabuni upya. Maneno hayo hayakuundwa na kamati yoyote. Yaliingia pamoja na malori, yakatamkwa na matandiboi, yakatoa viambishi vyake, na kamusi zikayapokea baadaye. Yaliwezekana kwa sababu vitu vyake vilishikika. Beringi huanguka mkononi. Kizuiamserereko hakishikiki, fundi huona taa na vifupisho tu, na ndiyo maana mkondo ule wa zamani wa kujipatia maneno umekauka hapa, na kazi ikamwangukia mfasiri. Pendekezo lake la *pete ya meno* ni bora kuliko lolote nililoliona katika orodha zetu rasmi.

Limo pia neno moja ambalo nadhani lingefaa lisanifishwe kama lilivyo. Baada ya betri kuchomolewa, au baada ya magurudumu kunyooshwa upya, katika magari mengi kihisi usukani husahau ni wapi mbele. Hapo lazima gari lisimamishwe mahali tambarare, usukani ukiwa umenyooka, kisha kompyuta ifundishwe tena. Katika Toyota kadhaa kazi hii hufanyika hata bila mashine, kwa kuunganisha matundu fulani ya ile soketi kwa kipande cha waya. Wataalamu wangetupa *ukalibrishaji*. Mfasiri ameandika *kurudisha sifuri*. Huku Kyela, ambako kokoa hupimwa kwa mizani na kila mkulima amejifunza kutazama kama mshale uko kwenye sifuri kabla gunia halijapandishwa, maneno hayo hayahitaji maelezo. Yanaonya pia bila kutaja onyo: mizani iliyorudishwa sifuri mahali pa mteremko hudanganya, na kihisi vivyo hivyo. Gari lililorudishwa sifuri kwenye gereji ya mlimani Tukuyu laweza kuwasha taa likifika uwandani, naye fundi wa Ngonga ndiye atakayelaumiwa.

Limebaki neno moja ambalo sikulipata. Ni mwendo wa gari kujizungusha juu ya mhimili wake wa wima, pua ikienda huku na mkia kule, ilhali magurudumu yote yangali chini. Kijitabu kimeuita *mpiga miayo*, na sababu yake msomaji anayejua Kiingereza ataigundua mwenyewe. Mimi nimetumia *mgeuko*, na *kihisi mgeuko* kwa kifaa chake, lakini mgeuko ni neno pana mno. Kona nayo ni mgeuko. Kiswahili kilikwisha kuazima kutoka majini hapo zamani: *usukani* ulikuwa wa chombo kabla haujawa wa gari, na *rubani* aliongoza merikebu kabla hajarusha ndege. Tunalo *mrama* la chombo kinacholala ubavu huku na huku, ila huo ni mwendo mwingine. Mtumbwi uliopigwa na wimbi la ubavuni hugeuza pua vile vile gari linavyotupa nyuma, na wavuvi wa Matema na Itungi hawawezi kuwa wameishi na mwendo huo pasipo kuupa jina. Walimu walioko Kyela, Ludewa na Nyasa, na wale wa Ukerewe na wa visiwani, wanaombwa kuuliza na kutuandikia neno, mahali linaposemwa, na sentensi moja ya kulitumia.